Kikombe Kilichokutwa Kitupu

Mwaka jana, kwenye ukumbi mmoja pale Shanwe, Restituta alisimama mbele ya watu kama sitini tuliosoma pamoja, akashika maiki kwa mikono miwili, akasema yeye yuko hai kwa sababu ya maziwa. Watu wakapiga makofi. Aliyekuwa makamu mkuu wa shule wakati wetu, sasa mzee asiye na meno ya juu, alikuwa amekaa kiti cha mbele na kitenge cha zawadi kimefungwa mabegani, anatikisa kichwa taratibu kama anasikiliza kwaya. Kisha naye akaomba maiki. Alisema Mungu ni shahidi, katika miaka yake yote pale shuleni hakuna mwanafunzi aliyefia mikononi mwake, hata mmoja. Makofi tena. Mimi nilikuwa meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, nimeshika glasi ya mtindi ambayo nilijua sitaigusa. Maziwa yale aliyoyatolea ushuhuda Restituta niliyanywa mimi. Kikombe kizima cha bati, nimesimama, kwa haraka, mpaka tone la mwisho. Yeye hayakumfikia hata kwenye mdomo.

Ningenyamaza, maana kunyamaza ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote maishani, kama si maneno niliyoyasikia kwenye foleni ya pilau. Mbele yangu walikuwa walimu wawili wa sasa wa shule ileile. Mmoja alikuwa anamsimulia mwenzake habari za kijana wa kidato cha tatu aliyemeza vidonge vya tramado, dawa kali ya maumivu, muhula uliopita. Alikoroma tangu mchana, wenzake wakasema mwacheni kachoka, mpaka mmoja alipoona kucha zimekuwa za bluu. Wakakimbilia sanduku la huduma ya kwanza, ambalo tangu enzi zetu lina maziwa. "Ila maziwa yalichelewa," alisema yule mwalimu, akajiongezea kachumbari. Hakusema kijana alikufa, wala kwamba wao ndio walichelewa. Nilirudisha sahani yangu mezani ikiwa tupu. Binti wa Restituta yuko kidato cha pili palepale, analala bwenini.

Nyumbani nilitoa kaunta buku langu la mwaka ule. Habari za ukoo wangu na za nilikozaliwa naziruka, hata daftari lenyewe limeziruka. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa kidato cha tatu, na nilikuwa msichana asiyesema. Mwalimu akiniuliza swali darasani nilikuwa nalijua jibu, lakini koo lilijifunga kama mdomo wa gunia. Wenzangu waliniita Bubu, na Restituta ndiye aliyenipa jina hilo. Yeye alitoka Kibaoni, msichana mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki, na kitanda chake kilikuwa juu ya changu. Nikifungua daftari alikuwa anainamisha kichwa chini kama popo na kuwaambia wenzake, "Bubu anaongea na karatasi, nyamazeni tusimkatishe." Nilimchukia kidogo. Nilimpenda kidogo pia, kwa sababu ndiye pekee aliyekumbuka kuniamsha kengele ikilia.

Bweni letu lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye vitanda vya chuma vya ghorofa, masanduku ya bati chini yake, na harufu ya sabuni ya mche, kanga mbichi na mafuta ya taa. Mchana tulikula ugali na maharage. Maharage yalikuwa na wadudu weusi waliokuwa wanaelea juu ya mchuzi, na tulikuwa tumezoea kuwasukuma pembeni kwa kidole huku tunaendelea kuongea. Naona kichefuchefu sasa ninapoandika, lakini wakati ule nilikuwa nakula na kulamba sahani. Kilichotushinda ni tumbo la mwezi. Mama Matroni alikuwa na dawa moja tu ya tumbo la mwezi, nayo ilikuwa kutuambia kwamba wenzetu walizaa bila kelele. Ndipo Restituta akaleta vidonge vya kodini kutoka kwenye duka la dawa la mjomba wake, vyeupe, vidogo, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Bwenini tuliviita mashuka, kwa sababu ukimeza kimoja unajisikia kama mtu kakufunika. Mimi nilimeza mara nne mwaka ule. Naandika hivyo ili nisijifanye nilikuwa nje ya jambo hili.

Spesioza alitoka kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, na kila muhula alifika na karatasi ya kibali cha kutoka huko, imekunjwa mpaka inachanika. Alikuwa mpole, mrefu, na aliumwa tumbo kuliko sisi sote. Jumapili moja baada ya kutoka kanisani alimeza mashuka, hayakumtosha, akaongeza, akalala. Tulikwenda kula tukarudi tukamkuta anakoroma. Alikoroma vibaya, mkoromo wenye maji ndani, unakatika halafu unaanza tena. Tulicheka. Mtu aliiga. Restituta alisema leo trekta limeegeshwa bwenini, nasi tukacheka zaidi, na mimi nilicheka nimeziba mdomo kwa kanga. Kwetu sisi mtu anayekoroma alikuwa ni mtu aliyelala vizuri. Hakuna aliyewahi kutuambia vingine.

Mkoromo ulipokatika kwa muda mrefu ndipo tukamwita Mama Matroni. Alimtazama mara moja akasema kala sumu, akatuma wasichana wakimbie kwa mama mmoja Msukuma mwenye ng'ombe nyuma ya uwanja wa mpira, waje na maziwa. Kila mtu alijua maziwa huondoa sumu. Hilo halikuwa la kujadili. Walimwinua Spesioza wakamkalisha, mmoja akamtanua taya, Mama Matroni akamimina. Maziwa yaliingia, yakakaa kidogo mdomoni kama kwenye bakuli, kisha yakashuka. Akakohoa mara moja, kidogo. Halafu maziwa yakaanza kutoka puani, yamechanganyika na povu, na Mama Matroni akasema aongezewe, yanafanya kazi, uchafu unatoka. Wakamwongezea. Nilikuwa nimeshika miguu yake. Niliona nyayo zake zinavyobadilika rangi.

Makamu alikuja na funguo kiunoni. Kwa kanuni zake mgonjwa hakutoka getini bila karatasi ya ruhusa yenye sahihi yake, na alikuwa mtu wa kanuni. Alimtazama Spesioza, akamtazama Mama Matroni, akauliza nani hapa ana mwandiko mzuri. Wakanisukuma mbele. Akanisomea niandike, nami nikaandika kwa mwandiko wa kulala nilioutunza kama nywele: kwamba Spesioza ameruhusiwa kwenda kwao kwa matibabu tangu jana, Jumamosi. Nilijua leo ni Jumapili. Mkono wangu uliandika Jumamosi. Ndipo Lendirova ya shule ikampeleka, akakata roho njiani, na kwa mujibu wa karatasi yangu hakuwa mwanafunzi aliyekuwepo shuleni. Hiyo ndiyo hesabu ya "hata mmoja" ya yule mzee wa kitenge.

Wiki mbili baadaye hospitali ilituletea nesi, tukamwita Sista Agripina. Alikuwa mfupi, amevaa raba za kiume, na hakuwa na salamu ndefu. Jumamosi tatu alitufundisha bwaloni. Alisema wazi kwamba dawa za aina ile haziui kwa kuunguza tumbo kama mafuta ya taa. Zinamsahaulisha mtu kupumua. Mkoromo ule mliouchekea, alisema, ni mtu anazama akiwa kitandani. Akatufundisha kumwita mtu kwa jina, kumsugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole, kumlaza ubavu, na kutotia kitu chochote mdomoni mwake, hata maji. Kama hapumui, alazwe chali, kichwa kirudi nyuma, kidevu kiinuliwe, pua ibanwe, apuliziwe pumzi moja, uhesabu mpaka tano, umpulizie nyingine. Alisema hospitali kuna sindano ya kumzindua ikiwepo, lakini sindano haiwezi kumfikia maiti. "Nyie ndio gari la kwanza," alisema.

Jumamosi ya tatu alikuja na ndoo. Ndani mlikuwa na mapafu mawili ya mbuzi pamoja na koromeo lake, kutoka machinjioni, bado yana damu. Aliyaweka juu ya meza tunayolia ugali. Akasema sanamu za kujifunzia zipo Ulaya, hapa tuna mbuzi. Akafuta koromeo kwa kitambaa, akaweka mdomo, akapuliza, na yale mapafu, yaliyokuwa yamelala kama kitambaa kilicholowa, yakainuka yakawa ya waridi. Wavulana wakapiga mluzi. Restituta alikimbia nje kutapika. Sista akaita anayefuata na hakuna aliyekwenda. Mimi nilikwenda. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu haikuhitaji kusema. Koromeo lilikuwa gumu na la baridi, lina ladha ya chuma na mafuta. Nilipuliza. Nikahisi kitu kinajaa upande wa pili wa pumzi yangu, na nikapuliza tena. Hapo mlangoni alikuwa amesimama makamu.

Jumatatu alitangaza mstarini kwamba mambo ya kuwekeana midomo ni uhuni, hii ni shule ya watoto wa watu, na yule nesi hatarudi. Badala yake tulinunuliwa sanduku jeupe lenye msalaba mwekundu, ufunguo mmoja wa kufuli lake ukaning'inia kiunoni mwa makamu pamoja na funguo nyingine, wa pili akapewa Mama Matroni, na kila asubuhi Mama Matroni alileta maziwa mabichi kutoka kwa yule jirani Msukuma, akayaweka humo ndani kwenye chupa ya chai. Jioni yalikuwa yameganda. Wakaguzi walikuwa wanakuja, kwa hiyo tulifanya mazoezi. Msichana mmoja analala mezani, Mama Matroni anamwekea kikombe mdomoni, msichana anafumbua macho, anakaa, anatabasamu. Makamu alisimamia mara sita. Mara ya nne alikasirika, akasema tabasamu limekuja mapema mno.

Siku moja kabla ya wakaguzi, saa nane mchana, walitufanyia sachi, upekuzi wa masanduku. Tulisimama kila mtu mbele ya sanduku lake la bati, Mama Matroni akaanza kitanda cha mlangoni. Restituta alikuwa amesema alitupa mashuka yote chooni baada ya Spesioza. Hakuwa ametupa. Nilimwona akichomoa karatasi ya hesabu kwenye soksi, akaimwaga mdomoni yote, akanywa maji ya kopo langu, akanikonyeza. Nilipaswa kusema palepale. Sachi ilifika kwetu, ikapita, tukaambiwa sote tutoke nje tufyeke majani, yeye akasema anaumwa kichwa akapelekwa chumba cha wagonjwa. Nilifyeka kama nusu saa. Kisha nikaangusha fyekeo nikaenda. Nilianza kuusikia mkoromo nikiwa bado kwenye kona ya jengo.

Mama Matroni alikuwa ameshamkuta. Alikuwa amechukua maziwa, na alifurahi kuniona maana alikuwa anataka kwenda kwa makamu kuomba Lendirova. Akanipa kikombe mkononi. "Mnyweshe yote," aliniambia. "Nikirudi nisikute hata tone." Nilikipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo, nikasema ndiyo mama. Akaondoka.

Naandika jinsi ilivyokuwa. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia mtu mzima hapana, na hata alipokuwa ameondoka sikuwa nao. Niliambiwa kikombe kiwe kitupu. Dirisha lilikuwa na wavu, na sakafu tulikuwa tumeipiga rangi nyekundu asubuhi ile kwa ajili ya wakaguzi. Tone moja jeupe lingeonekana mpaka getini. Kwa hiyo niliyanywa. Yalikuwa ya vuguvugu, yameanza kukatika, na nilipomeza niliona pua ya Spesioza. Nikaweka kikombe chini. Nikamsugua Restituta kifua, nikamwita, sauti ikatoka kama ya paka. Mkoromo ukakatika na haukurudi. Midomo yake ilikuwa na maharage ya mchana pembeni, na mate mazito ya manjano. Nikamgeuza ubavu nikafuta kwa kidole, nikamrudisha chali, nikainua kidevu, nikabana pua, nikaweka mdomo wangu pale.

Sitapamba. Nilisikia ladha ya tumbo lake. Pumzi yangu ya pili ilirudi na kitu ndani yake, nikatema, nikaendelea. Nilihesabu mpaka tano kama alivyosema Sista, na kifua chake kilipanda kama mapafu ya mbuzi, kikashuka, nikahesabu. Mara nyingi. Kisha yeye mwenyewe akavuta moja. Kisha nyingine, mbovu, lakini yake. Mama Matroni aliporudi na makamu walimkuta amelala ubavu, anaguna, na kikombe kitupu kando ya kitanda. Mama Matroni alikiinua, akakigeuza juu chini kumwonyesha makamu. Hakuna lililodondoka.

Hospitalini, Sista Agripina alimpokea, wakamwekea hewa, wakamchoma sindano. Sista alipotoka alituuliza nani amempulizia huyu. Mama Matroni alisema hapana, alipewa maziwa. Sista akanitazama. Blauzi yangu ilikuwa na madoa na kidevuni palikuwa na matapishi yaliyokauka. Akachukua pamba yenye maji akanifuta mdomo mwenyewe, taratibu, mbele yao wote. "Ni wewe," alisema. "Haya, waambie." Makamu alikuwa amesimama pale na funguo zake. Nilitazama raba za Sista. Sikuwaambia. Kesho yake wakaguzi walioneshwa kikombe, na muhula uliofuata shule ikanunua ng'ombe wawili. Nimewahi kuchukia watu wengi kwa ajili ya mwaka ule, makamu kuliko wote, lakini ukurasa unaonitia kinyaa zaidi kwenye daftari ni huo wa hospitali, ambao nimeandika mistari miwili tu, kwa mwandiko mzuri.

Siku ya pili baada ya sherehe nilikwenda kwenye duka la vitenge la Restituta, Shanwe hapohapo. Alinipokea kwa kelele, Bubu wangu, karibu, nikupe kiti. Nikampa daftari lililofunguliwa. Alisoma amesimama, miwani kwenye ncha ya pua. Mteja aliingia akauliza bei, hakujibiwa, akatoka. Alipomaliza alikaa juu ya robota la vitenge.

"Uliyanywa wewe?"

"Niliyanywa."

Alijifuta midomo kwa nyuma ya mkono, sijui kama alijijua. "Na mdomo wangu ulikuwaje?"

"Maharage," nikasema. "Na uchungu wa zile dawa."

"Hukuona kinyaa?"

"Naona mpaka leo."

Akacheka, kile kicheko cha kuuzia samaki, kikamgeukia katikati kikawa kitu kingine. Nikamwambia pia habari ya karatasi ya Jumamosi. Nikamwambia maneno ya foleni ya pilau. Hapo hakucheka tena. Alisema binti yake anaumwa tumbo la mwezi kama Spesioza, na akaanza kufunga duka, saa nne asubuhi.

Jumatatu tulikuwa machinjioni mapema, tukapata mapafu mazima na koromeo lake, tukayatia kwenye ndoo yenye kifuniko. Mkuu wa shule wa sasa ni mama mdogo kwa umri, alitusikiliza kwa heshima kwa sababu Restituta ndiye mwenyekiti wa wazazi, na hakuelewa mpaka tulipofunua ndoo bwaloni. Alirudi nyuma akaziba pua kwa ushungi. Bwalo ni lilelile, meza ni zilezile. Wanafunzi waligumia. Ukutani lilikuwepo sanduku jeupe. Nikalifungua, halina kufuli siku hizi, nikatoa pakiti mbili za maziwa nikampa mkuu wa shule azishike. Nilianza na jina la Spesioza. Nilisema alifia mikononi mwa shule hii siku ya Jumapili, na kwamba aliyeandika Jumamosi ni mimi. Sauti yangu haikuwa kubwa, ila ilifika meza za nyuma.

Restituta alikuwa amejipaka rangi ya midomo kama kawaida yake. Aliinama, akashika koromeo kwa vidole viwili, akafumba macho, machozi ya kichefuchefu yakimtoka, akapuliza. Mapafu yakainuka. Alipoinuka koromeo lilikuwa na alama nyekundu ya midomo yake. Binti yake alikuwa mstari wa pili, amejishika tumbo, uso umekunjamana kwa karaha.

Nikalifuta koromeo kwa kitambaa, nikaita anayefuata.